Upande Wangu wa Karatasi

Tulimzika Anastazi huko Giheke siku ya Jumanne, mvua ikinyunyiza bila kulowesha na bila kukoma, naye akashuka kaburini amevaa koti nililomshonea mimi kwa ajili ya kipaimara cha binti yake. Nililijua lile koti mshono kwa mshono. Bega la kushoto nililitia pamba zaidi, maana bega lake hilo lilikaa chini kidogo, na siku ya kupimwa aliniambia, "Weka sawa, Shehe, nisionekane kama muntu anabeba ndoo." Padri alipomaliza, wazee wa kilima, maana kijiji kwetu huitwa hivyo, wakasema rafiki yake Mwislamu wa Kamembe naye aseme neno. Nikasimama, nikavua kofia, nikakumbuka kwamba kwetu kofia haivuliwi, nikairudisha kichwani, kisha nikasema kwamba Anastazi alikuwa mtu wa subira. Waliitikia kwa vichwa. Mimi nashona nguo na kufundisha watoto dini, na neno hilo, subira, nimelieleza madrasani mara zisizo na hesabu. Pale kaburini lilikuwa chungu mdomoni kama shubiri, kwa sababu ndilo neno nililompa Anastazi siku aliponiomba kitu kingine.

Mwaka ninaousema ni ule vita vya pili vya Kongo vilipowaka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na bado nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, wala sikuwa mkubwa kuliko wote. Baada ya mauaji ya kimbari madarasa yetu yalijaa wanafunzi wenye ndevu. Likizo ndefu ilipofika, chuo kikuu kimoja cha ng'ambo ya mto, Bukavu, upande wa Kongo, kilitangaza kambi ya muziki kwa wanafunzi wa sekondari wa pande zote mbili za mto. Wiki tano, katika shule ya mapadri juu ya Kamembe, kulala na kula bure. Mwishoni, katika kila sauti angechaguliwa mmoja aimbe peke yake mbele ya wageni, na huyo ndiye chuo kingempa nafasi ya kwenda kusomea muziki. Wazazi wengi neno lenyewe, kambi, liliwatia hofu, maana walikuwa wamezika watoto katika kambi za wakimbizi ng'ambo. Mama mmoja wa Gikundamvura alimsindikiza binti yake, akatandika mkeka langoni na kukaa hapo siku mbili, mpaka aliposikia wimbo wa kwanza ukitoka ndani. "Kama banaimba, basi banakula," akamwambia mlinzi, akakunja mkeka wake akaenda zake.

Tulilala kwenye vitanda vya chuma, katika bweni ambalo matundu ya risasi yalizibwa kwa saruji mpya kuliko ukuta, kwa hiyo yalionekana zaidi kuliko kama yangeachwa wazi. Mazoezi yalifanyika katika chumba cha kulia cha zamani, chenye harufu ya chaki na ya sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na humo ndimo iliwekwa harmoniamu iliyovushwa daraja juu ya mkokoteni, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Profesa alikuwa mzee mfupi, suruali yake imeshikwa na mikanda ya mabegani, na mkononi hakosi ule uma mdogo wa chuma wa kutafutia sauti, anaugonga gotini na kuuweka sikioni. "Batoto, mupumue na tumbo, hapana na mabega! Mabega ni ya kubeba mihogo!" Akitugeukia sisi wa sauti ya nne: "Na ninyi besi, munaimba ao munapiga miayo?" Karatasi za noti zilikuwa chache, moja kwa watu wawili, na Profesa hakukubali mmoja aishike peke yake. Huyu alishika ukingo wa kushoto, yule wa kulia, karatasi ikakaa usawa wa macho, ili asiwepo wa kuinamisha kidevu. Aliwapanga watu kwa sauti zao tu. Hakuuliza nani ni mtoto wa nani, na katika mwaka ule kutouliza kulikuwa ujinga au rehema, sijui hadi leo. Hivyo ndivyo nilivyopewa Anastazi: mimi ukingo wa kushoto, yeye wa kulia.

Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mtu wa Giheke, na wa nyumba yao alibaki peke yake. Hakulisema, lilijulikana. Kila mlo nusu ya kiazi chake aliitia mfukoni, na mfuko huo ulikuwa na alama ya unyevu isiyokauka. Lakini akifungua kinywa, sauti ilipanda kutoka chini kabisa bila kulazimishwa, kama maji ya chemchemi. Mimi nilikuwa na sauti nzuri. Yeye alikuwa na sauti. Nilichomzidi, nilichowazidi wote, ni masikio. Ustadhi wetu wa madrasa alitufundisha kusoma kwa fimbo ya mpera gotini, na jambo alilokuwa mkali nalo zaidi ni ghuna, ule mvumo wa puani ambao herufi fulani lazima zipewe, usirefuke mno wala kufupika. Nilichapwa miaka minane kwa ajili ya ghuna. Ningeweza kufumba macho nikakuambia nani anavuma, kwa pua tu. Profesa aligundua hilo siku ya pili, akaanza kuniita Shehe. "Muulizeni Shehe nani amekosa!" Nami nilimwelekezea kidole aliyekosa, na sikuwahi kukosea. Kambi nzima ilicheka, na kambi nzima ilijua.

Siku ya tatu akaja mwalimu wa sauti ya nne, msaidizi wa Profesa, aliyecheleweshwa mpakani. Tuliambiwa ni Mwalimu Fideli, Mkongo wa Bukavu. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mpole, kucha safi. Alisimama mbele yetu, akatabasamu, na kabla ya kutupa noti akaitafuta mwenyewe, midomo imefumba: akaanzia juu kidogo, akateremka akivuma puani, akaining'iniza pale chini, kisha akaikata kwa kikohozi kidogo, kama mtu anayefunga mlango kwa adabu. Nikaijua. Mwaka wa mauaji, kizuizi cha barabarani kiliwekwa hatua chache kutoka kwetu. Baba alitukataza kukaribia dirisha, nasi mchana kutwa tulilala sakafuni chini yake, tukisikiliza. Watu wa kizuizi walikuwa na nyimbo zao, na mwanzishaji alikuwa mmoja: alivuma kwanza, akateremka, akaining'iniza, akakata kwa kikohozi, ndipo wengine wakapokea. Nilimsikia wiki nyingi. Uso wake sikuuona hata siku moja, lakini mtu aliyechapwa kwa ajili ya ghuna hahitaji uso. Nilikodolea macho karatasi yetu, na zamu yetu ilipofika nikaimba pamoja na wengine.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningesema siku ile ile, kabla sijamfahamu. Kwa maana Fideli alikuwa mwalimu mzuri, na huo ndio ukweli mwingine ninaoishi nao. Hakupaza sauti. Alinifundisha kushika pumzi mstari mzima, akiniwekea kiganja chini ya mbavu, na kiganja kilikuwa cha joto. "Wenye sauti wako wengi, Yusufu," aliniambia. "Wewe una masikio." Nilimwelewa: nafasi ile moja haikuwa lazima iende kwa Anastazi. Kila alfajiri nilikwenda nyuma ya jiko kuchukua maji ya udhu, na huko niliwasikia wapishi. Mkubwa wao aliitwa Maman Selina, mwanamke mpana aliyewahi kuwa mkimbizi, na asubuhi moja alikuwa akigonga kwa mwiko sufuria ya sombe, yaani kisamvu.

"Mukongo gani huyu anakatala sombe?"

"Pengine tumbo linamuuma, Maman," akasema mwenzake.

"Tumbo linauma wiki tatu? Na ku soko haendi. Soko lile pale! Mwanaume muzima anatuma batoto bamununulie wembe. Mie nilikaa Bukavu myaka mbili. Mukongo wa kukatala sombe sijamuona."

"Basi huyu ni Mukongo wa Ulaya."

Wakacheka hadi Maman Selina akashika mbavu. Mimi nikajaza birika langu, nikaenda kuswali, na katika sijda nikamwomba Mwenyezi Mungu anionyeshe lililo haki, hali alikuwa ameshanionyesha kwa masikio aliyonipa mwenyewe.

Jumapili ya wiki ya nne, wenzetu walipokuwa misani na Anastazi amekataa kwenda, tulikaa wawili kwenye ngazi za mahali pa kufulia, kila mmoja na shati lake. Alisema bila kuniangalia. "Yusufu, nilikuwa kwenye dari ya jirani. Chini walikuwa wanatafuta, wanavunja vyombo, wanapiga makelele. Mmoja hakupiga kelele. Alikuwa anapita chumba kwa chumba, anavuma. Kama muntu anafagia kwake." Akasuuza shati, akalirudisha kwenye sabuni kana kwamba halijafuliwa. "Ndiye alimupata mama chini ya kitanda. Ni Fideli."

"Ulimwona?"

"Nakuambia nilikuwa darini. Nilimusikia." Sasa akaniangalia. "Nikisema peke yangu, watasema ni ihahamuka, yatima amepatwa tena na ugonjwa wa hofu. Lakini weye! Hapa wote wanajua hukosei. Twende wawili kwa Profesa, kisha kwa konseye wa serikali. Sikuombi useme ni yeye. Sema tu kwamba muntu anaweza kujulikana kwa sauti. Basi."

Nilikuwa nimeshika shati langu, nikalikamua hadi lisiwe na tone. Nikamwambia sauti zinafanana. Nikamwambia kwetu tumefundishwa kwamba dhana ni dhambi, na kumpeleka mtu jela kwa dhana ni dhambi juu ya dhambi. Kila neno nililipata kwa walimu wacha Mungu, na kila neno, likisimama peke yake, lilikuwa la kweli. Ningemwambia uwongo mtupu angeukataa, nilimpa dini. Moyoni nilikuwa naogopa watu wa kilima, naogopa maswali, na juu ya hofu zote kulikuwa na ile nafasi ya chuo, iliyokuwa mikononi mwa Fideli. "Subira, Anastazi," nikamwambia. "Mungu hasahau."

"Juu ya Mungu sina wasiwasi," akasema. "Nakuuliza weye."

Nikalikamua tena shati langu lisilo na tone. Akaanika shati lake uani, akalinyoosha mikono, akaondoka.

Kesho yake akaenda kwa Profesa peke yake. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikipanga karatasi za noti, na mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilimsikia akieleza kwa sauti ya chini, bila kutetemeka. Profesa akauliza, "Ulimuona kwa macho, mwanangu?" "Hapana, Profesa." "Kuna mwingine aliyemusikia, akamujua?" Karatasi zikaniganda mikononi. Jina langu lilikuwa pale, jepesi, herufi chache tu. Angelitaja, ningeitwa, na mbele ya mzee yule sidhani kama ningeweza kukana. Anastazi akasema, "Hapana, Profesa. Niko peke yangu." Nilishukuru Mungu. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilishukuru. Profesa hakuwa mtu mbaya. Alimwambia amechoka, akapumzike kwao, akampa blanketi na mche wa sabuni. Anastazi alipita mbele yangu na mfuko wake begani, lile bega la chini. "Imba vizuri, Shehe," akasema. Karatasi yetu aliondoka nayo.

Niliimba mimi. Walikuja mapadri, walimu, wazazi, hata watu wa Nkombo waliovuka ziwa asubuhi kumsikiliza binti yao. Mwimbaji wa peke yake hakuwa na harmoniamu. Noti alipewa na mwalimu wake. Fideli akaja nyuma yangu, akainama, akaniwekea noti sikioni: akaanzia juu kidogo, akateremka, akaining'iniza, akakata kwa kikohozi. Pumzi yake ilinipata shingoni. Nikaipokea ile noti, nikaibeba mstari mzima kama alivyonifundisha, nikaimba vizuri kuliko nilivyopata kuimba kabla au baada. Padri mmoja mzee alifuta macho. Maman Selina alipiga vigelegele mlangoni na mwiko mkononi.

Siku chache baadaye, kabla hatujatawanyika, milio ya bunduki ikasikika ng'ambo. Watu wa chuo wakafunga mizigo haraka ili wavuke kabla daraja halijafungwa. Fideli alikuwa ameshika upande mmoja wa mkokoteni wa harmoniamu. Alipofika njia panda akageuka, akanipungia mkono, nami nikampungia. Wengine husema aliishia msituni, wengine husema yuko mbali na ana wajukuu. Barua ya chuo haikuja, wala sikuiulizia. Vita vilikula kila kitu upande ule kwa miaka, na mimi nikajifunza kushona.

Mahakama za kilimani, gacaca, zilipofika Giheke, Anastazi alisimama mbele ya majirani waliokaa majanini na kusema aliyosikia darini. Nilielezwa baadaye. Wakamwuliza kama alimwona mtu huyo, akasema hapana. Wakauliza kama yupo mwingine, na watu wakaangalia ardhi. Tarehe nilikuwa nimeijua wiki mbili kabla. Siku ile nilikuwa nimefunga sunna, nikabaki dukani nikishona sare za shule, sketi baada ya sketi. Jua lilipozama nikafungua kwa tende tatu na maji, nikasoma dua ya shukrani, nikarudi kwenye cherehani.

Na bado alikuja. Hilo ndilo linalonishinda. Kila Idd alishuka kutoka Giheke na mkungu wa ndizi begani, na kila Krismasi nilipanda kwao na kitambaa. Alioa, akalima, akalea. Hakuimba tena, hata kanisani. Mkewe Konsolata aliniambia misa nzima alikaa mikono magotini. Mara moja, watoto wangu wa madrasa wakiimba kasida, nilimwona akigonga kidole kwenye kikombe, polepole, kisha akakifunika kidole hicho kwa mkono mwingine. Lile la ngazi za kufulia hatukulitaja. Nikajiambia amesahau. Kisha, kadiri nywele zilivyokuwa nyeupe na watu kunipa salamu za heshima barabarani, nikajiambia kwamba alikubaliana nami, kwamba kweli sauti zinafanana. Kwa miaka yote hiyo nililala juu ya godoro hilo.

Baada ya maziko Konsolata aliniita katika chumba cha ndani, kilichokuwa na magunia ya maharagwe na kitanda kimoja, akanipa chai na karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliijua kabla ya kuifungua. Wino ulikuwa umepauka, na kwenye ukingo wa kulia kulikuwa na alama ya kidole gumba, ya mafuta ya sambaza.

"Alikuambia ni ya nini?" nikamwuliza.

"Aliniambia yote, kabla hajanioa." Akakaa juu ya gunia. "Alisema siku ile Fideli alipovuma mara ya kwanza, karatasi ilianza kutetemeka. Akafikiri ni mukono wake. Akauangalia. Mukono wake ulikuwa umetulia, Shehe. Karatasi ilikuwa inatetemeka upande wako."

Nje watu walikuwa wakiagana. Mtu alicheka, wakamnyamazisha. Nikamwuliza kwa nini basi hakunitaja kwa Profesa, kwa nini hakunitaja majanini, kwa nini kila Idd alileta ndizi na hakusema.

"Alisema utasema mwenyewe," akajibu Konsolata. "Alisema weye ni muntu wa dini, utasema. Kila akishuka Kamembe alirudi, namuuliza, 'Amesema?' Ananiambia, 'Bado.'"

Nikaishika karatasi ile kwa mikono yote miwili.

"Nilisikia," nikamwambia. "Alikuwa yeye."

Konsolata akachukua kikombe changu, akamwaga chai iliyopoa dirishani, akanijazia nyingine ya moto.

"Najua, Shehe," akasema. "Lakini mimi siye aliyekuuliza."